Kabla hujalaumu vidole, pima shingo ya gitaa lako

Wadau habari za huko. Mimi nipo Uyole hapa Mbeya, Jumapili napiga ridhimu kwaya ya kanisani, siku za kazi natengeneza magitaa ya watu, na kuna jambo moja kila likija mlangoni linaniuma kweli. Dogo anakuja na gitaa begani, anakaa, anasema kaka mimi nadhani sijazaliwa na hiki kitu, huu mwaka wa pili kodi ya F (chord, sauti kadhaa zinazolia pamoja) inanishinda, vidole vyangu vifupi, naacha. Nalishika gitaa lake shingoni tu, hata sijapiga, najua tayari. Shingo pana milimita 52, nyuzi zipo juu kama za kuanikia nguo, alafu ni gitaa la nyuzi za nailoni ila yeye kafunga nyuzi za chuma. Huyo mtoto hana shida ya vidole, ana shida ya vipimo, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba shingo ya gitaa ina vipimo na vinatofautiana.

Kwa hiyo leo naandika jinsi ya kupima shingo na fretibodi, ule ubao wa mbele ya shingo unaobonyezea nyuzi, mwenyewe ukiwa nyumbani, hatua kwa hatua, uwe Mbeya mjini, Tukuyu, Makambako, Mafinga, popote. Huhitaji mashine. Ukishajua namba za gitaa lako utajua kipi kinakutesa, na siku ukinunua lingine hutanunua kwa rangi.

Vifaa

Tafuta rula ya chuma ya sentimita 30, zile ambazo mistari imechongwa, siyo ya plastiki ya shuleni maana ile sifuri yake mara nyingi imeliwa. Tepu ya seremala kwa vipimo virefu. Venia, kile kipimio chenye midomo miwili ya kubana kitu, ukiweza kuazima kwa fundi wa kuchonga vyuma ni vizuri sana. Fila geji, ile mafundi magari wanasetia valvu, azima kwa dakika tano tu. Penseli, karatasi, na boksi gumu la katoni. Tepu ya fundi cherehani iache kabisa, ile inavutika.

Kitu kimoja kuhusu tepu ya seremala, ile ndoano ya mbele inacheza kidogo na imetengenezwa icheze makusudi, sasa kwenye gitaa milimita moja ni kubwa, kwa hiyo usianzie kwenye ndoano. Anzia kwenye alama ya sentimita 10 alafu mwisho unatoa milimita 100. Mimi nafanya hivyo kila siku.

Hatua ya 1: skeli, yaani urefu wa uzi unaolia

Hapa ndo kila kitu kinaanzia. Weka rula kwenye nati, kale kaupau ka mfupa au plastiki karibu na kichwa ambako nyuzi zinapita, anzia ukingo wake ule unaoangalia fretibodi, nenda mpaka katikati ya chuma cha freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyokatiza fretibodi, unavihesabu kutoka kwenye nati). Hiyo namba zidisha mara mbili. Basi, hiyo ndo skeli ya gitaa lako.

Usipime moja kwa moja mpaka kwenye briji, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, watu wengi wanakosea hapo, maana briji inawekwa nyuma kidogo makusudi na nitaeleza sababu.

Ukipata milimita 324 maana yake skeli ni 648, hiyo ni inchi 25.5, kipimo cha Stratocaster na Telecaster za Fender na magitaa mengi yaliyoigwa kutoka hapo. Ukipata kama 314 ni 628, familia ya Les Paul za Gibson, wenyewe wanaita inchi 24.75. Kampuni ya PRS wapo katikati, 635. Gitaa la klasiki la nailoni kawaida ni 650. Besi ya kawaida ni 864, inchi 34, na kuna besi fupi za 762 ambazo kwa mtu mwenye mikono mifupi ni msaada mkubwa.

Sasa inakuhusu nini? Nyuzi zilezile, kutyuni kulekule, skeli ndefu inakaza nyuzi zaidi. Kati ya 628 na 648 mkazo unaongezeka kama asilimia 6, kidole kinausikia hasa ukishapiga ibada iliyochukua masaa matatu. Na freti zinakaa mbalimbali kidogo zaidi.

Ukimaliza hapo pima na upande wa pili, toka freti ya 12 mpaka kale kamfupa ka kwenye briji ambako uzi unakaa. Lazima iwe sawa na nusu ya kwanza au izidi kidogo, uzi mwembamba izidi milimita 1 hadi 2, uzi mnene 2 hadi 3. Inazidi kwa sababu ukibonyeza uzi unauvuta kidogo na sauti inapanda, kwa hiyo fundi anaurefusha ili irudi. Ikiwa pungufu, gitaa hilo halitatyunika maisha.

Aliwahi kuja kijana kutoka Tukuyu na gitaa la nailoni, analia kwamba akityuni nyuzi zikiwa wazi zipo safi, akipanda freti ya 5 na kuendelea kila kitu kinachacha, na alishabadilisha nyuzi mara tatu, hela za mtoto wa watu zimeenda. Nikapima nati mpaka freti ya 12 nikapata 325. Nikapima freti ya 12 mpaka kwenye kamfupa, 321. Kumbe briji ilibanduka, akaipeleka kwa seremala, na yule seremala aliigandisha vizuri kweli, imeshika, imenyooka, ila imesogea mbele milimita kama sita. Hakuna nyuzi duniani zingetibu hiyo. Tuliibandua kwa taratibu na kisu cha moto, tukaipeleka 327, gitaa likaimba siku ileile. Rula ya chuma ingemwokolea seti tatu za nyuzi.

Hatua ya 2: nafasi za freti

Hii ni kwa wanaochonga magitaa wenyewe au wanaobadilisha fretibodi, kama wewe ni mpigaji tu unaweza kuruka, ila ukisoma utaelewa kwa nini freti zinasogeleana kadri unavyopanda.

Kanuni ni moja: chukua urefu wa uzi uliobaki, gawa kwa 17.817, hapo ndo freti inayofuata. Mfano skeli ya 648. Gawa, unapata 36.37, hiyo ni freti ya 1 toka kwenye nati. Iliyobaki ni 611.63, gawa tena, 34.33, jumla 70.70, hiyo ni freti ya 2. Endelea hivyo na ukifika ya 12 lazima uangukie 324, nusu kamili. Usipoangukia hapo umekosea mahali, rudi.

Namba hiyo imetoka kwenye hesabu ya oktavu (toka do mpaka do ya juu yake) kugawanywa hatua 12 zilizo sawa, kila hatua sauti inazidishwa kwa 1.05946. Zamani mafundi waligawa kwa 18, Vincenzo Galilei, baba yake yule Galileo wa darubini, aliielezea kanuni hiyo mwaka 1581, na kwa enzi zake ilitosha. Ila kwa skeli ya 648 ukigawa kwa 18 freti ya 12 inakosea zaidi ya milimita 2, na bado nakutana na magitaa ya kuchonga huku kwetu yaliyogawanywa hivyo kwa sababu mtu alirithi kanuni kwa mzee wake.

Ukihamishia kwenye ubao pima kila freti kutoka kwenye nati, usipime freti hadi freti. Ukikosea nusu milimita kila mara, ukifika ya 12 umeshapotea. Za kujikagulia kwa 648: freti ya 3 ni 103.1, ya 5 ni 162.5, ya 7 ni 215.5, ya 9 ni 262.7.

Na mbao, kwa kuwa tupo kwenye nchi ya mbao: msindano wa Sao Hill ni mlaini kwa fretibodi, nyuzi zitauchimba na freti hazitashika. Mpingo ndo mfalme, mita moja ya ujazo inapita kilo 1,200, wazungu wanatengenezea klarineti na obo, ila unachosha misumeno na hela yake inajulikana. Mninga kwa shingo naupenda sana, ukikauka vizuri hauchezi ovyo, ilimradi ununue mbao yenye kibali na iliyokaa muda mrefu kivulini. Mbao mbichi itakusaliti mwezi wa saba.

Hatua ya 3: upana kwenye nati na nafasi za nyuzi

Pima nati kutoka ukingo hadi ukingo. Klasiki ni kama 52. Akustiki za nyuzi za chuma zipo 43 hadi 44.5. Za umeme nyingi 42 hadi 43. Besi ya aina ya Jazz Bass ni 38, Precision zinaanzia 41 na kuendelea.

Alafu pima katikati ya uzi wa kwanza, ule mwembamba, mpaka katikati ya uzi wa sita, ule mnene, hapohapo kwenye nati, gitaa la nati ya 43 utapata 35 au 36. Hiki kipimo cha pili watu hawakiangalii lakini ndo vidole vinachokisikia, maana nati inaweza kuwa ya 43 ila mtu kabadilisha akachonga mifereji vibaya, uzi wa kwanza upo pembeni kabisa, ukiubonyeza unateleza unatoka nje ya fretibodi. Ukikuta hivyo usiuze gitaa, badilisha nati tu.

Pima pia upana freti ya 12. Za umeme kama 52, akustiki 54 hivi, klasiki 62.

Nani achukue ipi? Kama unachomoa uzi mmojammoja kwa vidole vya mkono wa kulia, nafasi pana inakusaidia. Kama unapiga kodi za kubana nyuzi zote na mkono wako mdogo, nenda 42 au 43 bila aibu. Kuna binti wa kwaya moja Iringa aliambiwa miaka yote kwamba dada gitaa ni la wanaume, alikuwa anapigia klasiki ya 52. Alipopata akustiki ya 43, F ikaingia ndani ya wiki mbili. Mimi nakasirika nikikumbuka miaka aliyoipoteza.

Na hapa niseme la nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni, nawaomba sana. Seti ya nailoni inavuta shingo kwa jumla ya kilo 40 hivi. Seti ya chuma ya akustiki inavuta zaidi ya kilo 70. Klasiki nyingi hazina chuma ndani ya shingo cha kupambana na huo mvuto, kwa hiyo shingo inakunjika mbele, briji inabanduka, ubao wa mbele ya mwili unavimba. Gitaa likishavimba tumboni kulirudisha ni kazi kubwa kuliko thamani yake.

Hatua ya 4: mgongo wa fretibodi

Angalia fretibodi kwa mbele kama unachungulia bomba. Klasiki utaona bapa. Nyingine zina mgongo, yaani zimeinuka katikati, na mgongo huo unapimwa kwa radiasi ya duara ambalo ungelipata kama ungeuendeleza mpaka ukazunguka. Radiasi ndogo mgongo mkali, radiasi kubwa karibu bapa.

Geji zake tengeneza mwenyewe. Piga msumari mmoja kwenye ubao, funga uzi usiovutika, penseli upande wa pili, toka msumari mpaka ncha ya penseli iwe milimita 184, chora upinde kwenye boksi gumu. Rudia kwa 241, kwa 305, na kwa 400. Kata kwa wembe taratibu, ubaki na kipande kile chenye upinde ulioingia ndani. Legeza nyuzi uziweke pembeni, simamisha geji juu ya freti, angalia kwa mwanga wa dirishani. Mwanga ukipita katikati, geji yako imepinda kuliko fretibodi, nenda namba kubwa. Mwanga ukipita pembeni na geji inacheza kama pembea, nenda namba ndogo. Isipopitisha mwanga kokote umepata.

184 ni inchi 7.25, Fender za miaka ya 1950 na 60 na zinazoigwa kutoka hizo. 241 ni inchi 9.5, Fender nyingi za sasa. 305 ni inchi 12, Gibson. 400 utaikuta kwenye Ibanez nyingi za umeme, na Martin za akustiki wapo karibu na hapo, inchi 16.

Mgongo mkali unaupendeza mkono kwenye kodi za bare, zile za kubana nyuzi zote kwa kidole kimoja, ila ukibendi uzi, yaani kuuvuta pembeni sauti ipande, huku juu na nyuzi zipo chini, uzi unagota kwenye freti ya mbele na sauti inakufa. Kwa sisi wa sebene kubendi siyo kwingi, ni vidole kukimbia juu ya freti ya 12, kwa hiyo ushauri wangu usipoteze usingizi kwa ajili ya mgongo, hangaika na unene wa shingo na nyuzi zipo juu kiasi gani.

Hatua ya 5: unene na umbo

Shika venia, mdomo mmoja ukae kwenye ubao katikati ya freti mbili na siyo juu ya chuma cha freti, mwingine nyuma ya shingo. Pima karibu na freti ya 1 na karibu na ya 12. Huna venia, chukua spana malaya, funga midomo yake na solatepu isikwaruze rangi, ibane polepole mpaka iguse, itoe alafu pima ule uwazi kwa rula.

Freti ya 1 ukipata 19 au 20 hiyo ni nyembamba, 21 hadi 22 ya kati, 23 kwenda juu nene. Kuna Ibanez zinashuka mpaka 17. Freti ya 12 kawaida inaongezeka milimita mbili hivi.

Umbo lake lichukue kwa waya wa shaba wa umeme ule mgumu wa nyaya moja, ukunje nyuma ya shingo ufuate mviringo, utoe taratibu, uchore kwenye karatasi. Utaona ni kama herufi C, au D iliyobapa, au V yenye mgongo, au U iliyojaa. Watu wanadhani mkono mdogo unataka shingo nyembamba sana, mimi nimeona kinyume chake mara nyingi, shingo nyembamba kupita kiasi kidole gumba kinakosa pa kujaa na kiganja kinakaza misuli. Jaribu zote kabla hujaamua.

Hatua ya 6: shingo imepinda kiasi gani

Shingo haitakiwi kunyooka kama rula, inatakiwa kuingia kidogo sana katikati ili uzi upate nafasi ya kutikisika. Bonyeza uzi wa sita freti ya 1 kwa mkono mmoja, na kwa mwingine ubonyeze pale shingo inapokutana na mwili. Uzi sasa ndo rula yako. Angalia uwazi kati ya uzi na freti ya 7, uwe milimita 0.2 hadi 0.3. Huna fila geji? Karatasi ya fotokopi ya kawaida ni kama milimita 0.1, kunja ziwe mbili au tatu, zipite bila kuusukuma uzi.

Uwazi ukizidi na gitaa lina trasirodi, kile chuma ndani ya shingo, tumia alenki yake halisi, nyingi ni milimita 4 au 5. Kulia inakaza na kunyoosha, kushoto inalegeza. Robo mzunguko tu, tyuni upya, angalia tena. Ikigoma usilazimishe, ikikatikia ndani umepoteza shingo.

Na huku kwetu hili ni la kurudia angalau mara mbili kwa mwaka. Kuanzia mwezi wa sita Makambako na Njombe ni baridi na upepo mkavu, ubao unasinyaa, ndo unaanza kusikia ncha za freti zinakukwaruza kiganja pembeni ya shingo. Ncha hazijaota, ubao ndo umerudi ndani. Mvua zikianza mwezi wa kumi na moja ubao unavimba, akustiki ubao wa mbele unanyanyuka na nyuzi zinapanda. Anayeshuka na gitaa kutoka Mbeya kwenda Kyela kupiga mkutano atayaona yote hayo ndani ya siku tatu. Kwa hiyo ukiandika vipimo andika na mwezi.

Hatua ya 7: nyuzi zipo juu kiasi gani

Hii fupi. Rula juu ya chuma cha freti ya 12, soma mpaka chini ya uzi. Umeme 1.6 hadi 2. Akustiki 2 kwa uzi mwembamba hadi 2.8 kwa mnene. Klasiki 3 hadi 4. Fanya hii baada ya hatua ya 6, siyo kabla, maana ukinyoosha shingo kimo cha nyuzi kinabadilika.

Ukiagiza kutoka mbali

Wengi wetu tunaagiza Kariakoo, gitaa linakuja kwa basi, na likishafika kulirudisha ni nauli nyingine na maneno mengi. Kabla hujatuma hela mtumie muuzaji ujumbe kama huu, na nimeona wenye nia njema wanajibu bila shida:

"Habari kaka, naomba unipimie kwa rula, picha rula ikiwa juu yake: upana wa nati, nati mpaka freti ya 12, freti ya 12 mpaka kwenye mfupa wa briji, na uzi wa sita upo juu kiasi gani kutoka freti ya 12. Alafu nipigie picha moja ukiwa umelishika gitaa unachungulia kutoka kichwani kuelekea kwenye briji."

Ile picha ya mwisho ndo naiangalia kwanza. Kama shingo imejikunja kama bawa la feni, vipimo vingine sivisomi.